Joviana Mwijage na Maua ya Kaburi Lisilo na Mtu

Baba Paroko, ndugu na majirani wa Kishanda, familia inaomba masikio yenu.

Mama yetu Joviana Mwijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Nshambya, Bukoba, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1971, kisha akaajiriwa kuchambua kahawa mjini, kazi aliyoifanya hadi tarehe 8 Oktoba 1977, alipofunga ndoa na marehemu Rutashobya na kuhamia katika kibanja hiki cha migomba tulimosimama, wakajaliwa watoto wawili, Kamala na Annastella.

Kamala ndiye aliyetundika mizinga ya nyuki kibanjani, na ndiye aliyepanda boti tarehe 19 Aprili 2014 kupeleka asali kisiwani Goziba, upepo ukaipindua kabla ya kufika, wenzake wakaokolewa, yeye ziwa likabaki naye. Familia ilingoja, ikachoka kungoja, ikazika shati lake nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata rweya yote ya jirani, ule uwanda wa nyasi na maua ya porini, ilichomwa ikapandwa misonobari, maua yakatoweka, nyuki nao wakahama, na Joviana akawa hali wala halali, akisema kwamba kinachommaliza si kilio bali ukimya, maana "hata nyuki wamemfuata."

Septemba 2015 alianza kupita kandokando ya barabara ya Muleba akikusanya mbegu za maua ya porini, akazipanda juu ya lile kaburi na kulizunguka, hata jirani yake Benigna akamwambia mbele za watu, "Ma Kamala, unampandia mwanao magugu!" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Kaburi lenyewe halina mtu, mwache apate wageni."

Wageni walikuja na mvua za mwaka 2017, kwanza vipepeo, kisha nyuki, hadi kundi zima likaingia mzingani, na tangu hapo mama yetu alikuwa akisikia katika mvumo wao sauti ya Kamala ikimwita, "Maawe," yaani mama yangu, akaacha chakula mezani akatoka kumwitikia. Tuliogopa. Tukamwomba Baba Paroko wa wakati ule aje amkanye, lakini naye alipofika kaburini alisimama muda mrefu akisikiliza, akaondoka bila kumkanya.

Msimu huohuo mimea ya maboga ya Benigna, iliyozoea kuchanua na kupukutisha maua bure, ilitembelewa na nyuki hao ikazaa, akaja mwenyewe kuomba mbegu, wakapanda pamoja, na leo maua hayo yamezunguka vibanja, shule na kanisa.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Novemba 2024, akalazwa Bukoba, ambako kila alfajiri aliuliza kama Kamala amefika, nasi tukamjibu kwamba yuko njiani, hadi tarehe 6 Februari 2025, alipomshika Annastella mkono, akamwambia, "Msinidanganye tena, amefika mwenyewe," akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, hasa mama Benigna aliyelala wodini akimuuguza, wenzake wa zamani wa kahawa, na akina mama wa jumuiya. Atazikwa kando ya shati la mwanawe, hivyo tunawasihi mpite taratibu, na mkiwasikia nyuki msiwafukuze.

Ma Kamala, ulingoja sana. Sasa pumzika kwa amani.