Mzee Apolinari, Aliyevaa Nauli Mgongoni

Salamu kwanza, mengine baadaye. Shikamoo Mzee Apolinari Lipangile. Shikamoo Mama Viktor, mke wake, uliyemfulia na kumpikia miaka yote hii bila kumfukuza. Viktor hujambo? Na mkeo? Na yule mdogo anayeota meno, homa imeshuka? Ritha, mdogo wake Viktor, tunajua una mitihani, lakini kula kwanza. Na bibi yao kule Chita, shikamoo bibi, mwanao anarudi. Sisi wa stendi ya bajaji wazima, ila tulikuwa na wasiwasi, na sababu yake nitaisema.

Mzee Apolinari ameitumikia halmashauri miaka ishirini na saba akiwa msimamizi wa stendi yetu hapa Ifakara, na tarehe thelathini Juni anastaafu. Mimi Mama Levina, mfagiaji wa stendi, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Wenye elimu walisema wana shughuli. Nadhani waliogopa atawasahihisha.

Alipoanza kazi hapakuwa na bajaji. Palikuwa na baiskeli za abiria, zile zenye kimto cha sponji nyuma, na ugomvi ulikuwa huuhuu wa nauli. Bodaboda zikaja, bajaji zikaja, yeye yuko palepale na filimbi yake.

Nauli zetu hazipangwi na dereva akiamka vibaya. Halmashauri inakaa na madereva na sisi abiria, watu wanabishana mpaka jasho, wakikubaliana bei zinaandikwa kwenye kibao. Tatizo likawa kibao. Kila msimu wa mavuno, wageni wakishuka na magunia ya mpunga kutoka Mngeta, kibao kinapatwa na mambo. Leo juu yake limeanikwa turubai, kesho koti la mvua, na siku moja godoro zima, na hakuna dereva hata mmoja aliyejua godoro lile ni la nani.

Mzee Apolinari hakugombana na mtu. Alikwenda kwa mchora mabango, akarudi na nauli zote zimeandikwa mgongoni mwa reflekta yake ya kazini. Jofrey, mwenyekiti wa madereva, akamwuliza, “Mzee, wewe ni msimamizi au ni ukuta?” Mzee akampa mgongo. “Anika na hapa basi, mwanangu.”

Tangu siku hiyo stendi ikawa ni “Baba, hebu geuka kwanza!” na “Usitikisike basi, sijafika ya hospitali!” Anageuka, anasimama wima kama yuko kwa fundi cherehani. Jumapili moja alijisahau, akaenda nayo kanisani. Kwenye mstari wa komunyo waumini wote nyuma yake walisoma nauli polepole mpaka wakazishika. Misa ilipoisha, madereva waliokuwa wakisubiri nje hawakuambulia hata kikongwe mmoja wa kumzidishia.

Sasa nije kwenye mtaro, ambao ndio ulioninyima usingizi. Sehemu ya ushuru wa stendi hurudi stendini kwa ajili ya usalama, na kikao chetu ndicho kinachochagua kianze kipi. Mtaro ulikuwa wazi pande zote mbili za barabara. Masika maji yakijaa, huoni barabara inaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Levina wangu alitumbukia na begi la shule. Aliyemtoa ni Mzee Apolinari, filimbi ikiwa bado mdomoni, ikilia kila akihema.

Lakini madereva walitaka banda lenye televisheni ya kutazamia mpira, nao ni wengi kuliko sisi. Siku ya kikao Mzee akasema ukumbini kuna joto, tukutane stendi. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, joto sijui alilipata wapi. Jofrey alikuja na suruali nyeupe, katoka kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Akasimama kuisifia televisheni, mikono hewani. Katikati ya sifa, Mzee akasema kwa upole, “Sogeeni nyuma kidogo jamani, akina mama wapite.” Akina mama wenyewe tulikuwa tumeshakaa. Watu wakasogea, Jofrey akasogea kuliko wote. Tulisikia, “Kioo chake ni kikubwa, kinaonyesha kila kitu,” kisha hatukumwona tena.

Kura zikapigwa palepale. Mikono ya kutaka mifuniko ya zege ilikuwa mingi, na mkono wa Jofrey ulitokea mtaroni. Mzee mpaka leo anasema hakupanga. Mimi namwamini, kama ninavyoamini kwamba godoro lilikuja lenyewe.

Upande mmoja ukafunikwa. Uliobaki ulikuwa wa shuleni, na hapo ndipo ulipokuwa wasiwasi wetu: fungu la pili limekuja huku yeye anaondoka. Kikao cha wiki iliyopita, palepale stendi, hakuhudhuria, alisema waamue wanaobaki. Kijana mmoja dereva, Justin, akainuka na televisheni yake tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Jofrey akakohoa, akasema taratibu, “Sogeeni nyuma kidogo jamani, akina mama wapite.”

Hakuna aliyesogea hata hatua. Justin aligeuka, akautazama mtaro nyuma yake, akawa wa kwanza kunyoosha mkono wa mifuniko. Juzi mafundi wamemwaga zege.

Basi Mzee wetu, asante kwa watoto wetu wanaovuka wakavu. Nenda salama, mpunga wako ustawi, mama yako akufurahie, na magoti yako yapone kusimama. Ukishuka stesheni Chita utakuwa abiria kama sisi, kwa hiyo tuma ujumbe upesi, siku hiyohiyo, nisiposikia silali. Utuambie umefika salama na wamekutoza nauli gani. Wakikuzidishia, Jofrey anakuja. Reflekta tumemvalisha yeye, na kugeuka ameshaanza kujifunza.