Mama Kioo na Gari la Vioo Vyeusi

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mkaguzi wa magari aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua moyo. Madereva walimwita Mama Kioo. Ndiyo, Mama Kioo, yule wa yadi ya ukaguzi.

Kazi yake ilikuwa kupima mwanga unaopita kwenye vioo vya gari vyenye tinti. Alibana kioo katikati ya kifaa chake kidogo, akasoma namba. Mwanga ukipita wa kutosha, gari limepita. Usipopita, hakuna cha shemeji wala mjomba. Mumewe anacheka akikumbuka: "Hata mimi alinifelisha. Na tulikuwa tumeshachumbiana!"

Sasa sikilizeni hili. Miaka mingi iliyopita alifika yadini baba mmoja, muuza mitumba. Gari lake lilikuwa na vioo vyeusi tii, hata vya mbele. Mama Kioo akapima, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili halipiti. Jioni humwoni hata anayevuka barabara."

Baba akafungua mlango wa nyuma. Ndani alikaa binti yake mdogo, amejifunika shuka. Alikuwa na maradhi ya ngozi. Jua likimgusa tu, anatoka malengelenge.

"Dada yangu, nikibandua tinti hii, mwanangu ataendaje kliniki?"

 Mama Kioo akasema hapana. Yule baba aliondoka analia, wasikilizaji wapendwa. Mtu mzima, analia mbele ya watu.

Mumewe anasimulia: "Siku hiyo hakugusa chakula. Nikamuuliza, una nini mke wangu? Akasema, nimefanya kazi yangu, lakini roho inanisuta."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Akaenda kliniki kumuuliza daktari wa ngozi. Kumbe kinachomuunguza mtoto si mwanga huu tunaouona. Ni miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Na ipo plastiki angavu, isiyo na giza, inayoizuia. Mama Kioo akazunguka kwa mafundi wa tinti, kifaa mkononi, mpaka akaipata. Daktari akaikagua, akaridhika.

Kisha akaenda sokoni kumtafuta yule baba. Alipomwona tu, baba akaanza kufunga meza yake. "Usikimbie, kaka," akamwambia. "Leo nimekuja na habari njema."

Tinti ikabanduliwa, vioo vyote vikabandikwa plastiki ile. Mama Kioo akapima. Gari likapita.

Yule binti leo ana watoto wake. Alituambia kwa simu: "Nilizoea kusafiri chini ya shuka. Siku ile nikakaa kiti cha mbele, karibu na baba. Nikaona watu wakianika nguo, wakigombana, wakicheka. Niliuliza maswali mpaka baba akasema, mwanangu, hebu pumua kwanza!"

Kwa mumewe, watoto wake na wakaguzi wenzake pale yadini, poleni sana. Mungu awape subira na moyo mkuu.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kila siku kuna mtu tunamwambia hapana. Ofisini, dukani, hata nyumbani kwetu. Pengine hapana hiyo ni ya haki kabisa. Lakini akishageuka na kwenda zake, nani kati yetu huinuka kumfuata?