Msalaba wa Shiferaw

Kwenye benchi la Aselefech muuza kahawa, nyuma ya gereji za soko la Merkato, asubuhi ile hapakuwa na kicheko. Shiferaw, fundi umeme, alikaa na bandeji kifuani. Jana yake alikuwa ameinamia teksi akipima betri, injini inanguruma, na msalaba wa fedha aliouning'iniza shingoni ukagusa ncha ya betri na bodi ya gari kwa pamoja. Uliwaka mwekundu kwa moto, ukamchoma kifua kabla hajaunasua. Mkewe alilia usiku kucha: avue msalaba, au aache kazi. Lakini kwao kuvua uzi wa ubatizo, ule uliobeba msalaba, ni kuikana imani, na Shiferaw aliogopa kuvua kama alivyoogopa kuacha kazi.

— Bila msalaba ungekufa, alisema Dizeli, dereva wa lori. Umeme wote umeishia kwenye fedha. Wahenga hawakukosea, chanda chema huvikwa pete.

— Pete ndiyo ingekikata hicho chanda, Shiferaw akamjibu.

Shemasi, aliyehudumu kanisani kabla ya kuuza vipuri, alisema betri ile imetupiwa jicho la husuda, inyunyiziwe maji ya baraka.

— Maji kwenye betri? Unataka utuzike wote? Dizeli alimaka.

Kikombe cha pili kilipokuja, Dizeli alikuwa ameshafika mbali: msalaba ufungwe waya hadi kwenye bampa, umeme ushuke zake ardhini. Shiferaw hakucheka.

— Wewe usivue, Shemasi alisema. Ukivua leo, kesho utavua na jina la ubatizo.

Aselefech akamimina kikombe cha tatu, cha mwisho, chepesi. Merima, mwenye teksi ile ya jana, alikuwa amesimama muda wote akisubiri gari lake.

— Samahani, kaka Shiferaw. Mimi si wa kanisa lenu. Siku ya ubatizo padri alikufunga uzi, au alikufunga chuma?

Padri alimfunga uzi; chuma Shiferaw alijinunulia mwenyewe, mwaka aliopewa ufundi mkuu, na alipenda kukiona kinang'aa.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Shiferaw alifungua msalaba polepole, akauacha uzi mtupu shingoni na kuufungia vifungo vya shati hadi kooni. Akavua na saa ya chuma.

— Mpelekee mke wangu, alimwambia Aselefech akimkabidhi msalaba. Mwambie uzi ninao.

Kisha akaiendea teksi.