Idwal Prytherch, Fundi Aliyekataa Kushuka Paani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Heledd, binti mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Baba, ingawa mwenyewe angenihimiza niyafupishe kwa sababu mvua inakuja.

Marehemu Idwal Prytherch alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 hapa Porth Elwy, pwani ya Wales, akasoma shule ya hapa hapa hadi Julai 1958, alipoacha masomo na kuanza kuezeka pamoja na baba yake, kazi aliyoifanya miaka sitini na tatu bila kumfundisha mtu, narudia, bila kumfundisha mtu.

Tarehe 3 Juni 1967 alifunga ndoa na mama yetu, Morfudd, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1970 na Tegid mwaka 1973, sote tukikua tunazijua soli za viatu vyake kuliko uso wake.

Mnayajua mapaa yetu, vigae vya mawe vikivuja hatuving'oi, tunavipaka saruji na chokaa, tabaka juu ya tabaka, hadi paa linakuwa jeupe kama keki ya harusi, na mbao mbovu zilizo chini hakuna azijuaye ila aliyepaka, basi Baba aliyaweka yote kichwani, hakuandika hata mstari mmoja, na kila upepo ukivuma mlimwita yeye.

Machi 2021 madaktari waligundua kwamba vumbi la mawe limemla mapafu, wakamkataza ngazi, nikaificha yetu, akaazima ya jirani yetu Gethin, ambaye nilipomfokea alinijibu, "Sasa dada, ningemnyima si angepandia pipa?" na Baba huko juu akadakia, "Heledd, punguza kelele, shika ngazi!" nami nikaishika, Mungu anisamehe.

Oktoba 2024 alilazwa, na hapo, pumzi zikiwa za kuhesabu, ndipo alipoona inafaa kufundisha, akanitajia nyumba moja moja na ubovu wake, nami ninayeogopa hata kupanda kiti nikaandika nyumba ishirini na sita, akisema yetu tutaimalizia kesho, na asubuhi ya tarehe 3 Novemba akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliobeba jeneza, majirani wote, haya, na Gethin pia. Karatasi ninayo, kila mtu aje achukue ya kwake.

Baba, ubovu wa nyumba yetu tutautafuta wenyewe. Lala salama, na tafadhali, usipande tena popote.