Ugonjwa wa Wifi Ulikuwa na Jina

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata ambao bado hamjaniamkia. Nimeombwa niseme nilivyopona, lakini siwezi kuyasema hayo bila kusema nilivyomwonea wivu wifi yangu. Mwenyewe ameniruhusu, na amekaa hapa hapa, kwa hiyo nikidanganya atanikatiza.

Wifi alipata saratani ya ziwa. Mnakumbuka ilivyokuwa: ibada nyumbani kwake, kuku, viazi, akina mama wakipokezana kumfulia. Ziwa likakatwa. Baadaye wanawe walioko Dar wakampeleka akawekewa jingine la silikoni, akarudi Lushoto kifua kimesimama. Nilipiga vigelegele na wenzangu, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Haukupita muda, kope zangu zikaanza kulegea. Nilikuwa nauza karoti na peasi sokoni, na ikifika mchana jicho moja limejifunga lenyewe. Mgosi mmoja, mwanamume mteja wangu, akadhani namkonyeza, akaanza kuniletea soda. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilizinywa. Lakini ikafika nikashindwa hata kutafuna makande, na kifua kikawa kinabana. Mume wangu akanipeleka hospitali kubwa, huko mbali. Picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kifua, kumbe ndio uliokuwa ukilegeza kope na taya. Daktari akasema ni saratani ya tezi inayoitwa thaimasi, ni nadra sana, na inabidi kifua kipasuliwe utolewe.

Nikarudi nyumbani nikawaambia nina saratani ya tezi. Sasa nyie mnajua, huku kwetu milimani ukisema tezi, watu wanaangalia shingo. Mama mkwe akanipapasa, akasema, "Mbona shingo yenyewe nyembamba?" Akaenda dukani akaniletea chumvi ya madini joto. Shemeji yangu naye akauliza mwanamke anapataje tezi dume. Ibada haikufanyika, na kuku sikumwona. Nikasema, kumbe hata katika kuugua kuna waliopendelewa. Nikasusa upasuaji. Nilisema siendi kuchanwa kifua kwa ugonjwa ambao watu wangu hawaujui hata jina.

Mume wangu akamwita dada yake aje kunisihi. Nilimpokea kwa ukali. "Wewe uliugua kwa raha, wifi. Ugonjwa wako una jina, una wageni, una kuku. Hata ziwa ulirudishiwa."

Alifunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi. Upande mmoja palikuwa bapa, pana makovu.

"Nimelitoa," akasema. "Lilikaza kama mbao, likawa linaniuma mpaka kwapani, nashindwa kuinua mkono. Niliona aibu kuwaambia nyie mliopiga vigelegele, ndiyo maana naweka kitambaa. Wewe unayo yote mawili. Nikikuona unapita na gauni lako nageuza uso, wifi, kwa wivu. Nenda ukapasuliwe. Sitaki kukuzika huku bado nakuonea wivu."

Tulilia, kisha tukacheka, na wiki hiyo hiyo akanisindikiza.

Kabla ya upasuaji, daktari aliomba kipande cha uvimbe kibaki kwa watafiti, maana wenye ugonjwa huu ni wachache na kila mmoja wanajifunza kwake. Nikakubali. Wifi akanuna. "Nyama yako inasomwa, yangu hata sijui ilitupwa wapi." Nikamwambia basi nenda ukawaeleze lilivyokutesa hilo ziwa la silikoni. Akaenda, wakamsikiliza kwa makini, na mpaka leo wanamfuatilia.

Nilipasuliwa, nikachomwa mionzi, nikadhoofika, nikainuka. Kliniki bado nahudhuria, lakini makande natafuna, na macho yangu yako wazi.

Nawashukuru madaktari. Namshukuru mume wangu, na mama mkwe, ambaye chumvi yake bado tunaila. Wifi, wewe nakushukuru kuliko wote, na hiyo blauzi mpya nimeiona.

Ninalowaachia ni hili: ukimwonea mtu wivu, mwendee umwambie, huenda naye ana wake juu yako. Na kama hapa yupo anayeumwa kitu ambacho watu wake hawakijui jina, anifuate tukitoka. Nitamkalisha, nitamsikiliza mpaka amalize. Na nitamwonea wivu, kwa sababu mimi nilipoanza kuumwa sikuwa na mtu wa namna hiyo.