Mzee Mbuthia na Makoti Yaliyoua Kompresa Tatu

Ifikapo Jumatano, tarehe 30 Septemba 1987, Mzee Naftaly Mbuthia atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba katika kampuni yetu ya majokofu, na jioni ya siku hiyo atarudisha ufunguo wa karakana ya Kariokor, apende asipende. Tumemwambia mara nyingi kwamba kustaafu si adhabu. Yeye anashikilia kwamba aliyetunga sheria ya miaka hamsini na mitano hakuwahi kutengeneza friji.

Mzee alikuja Nairobi kutafuta kazi ya udereva, akaajiriwa kupaka rangi milango ya friji kwa sababu alidai anajua kupaka rangi. Hakujua. Milango ilitoka na michirizi, na msimamizi wa wakati huo, kwa kuwaogopa wateja, akamsukuma ndani ya karakana ambako makosa yake yangefichwa na vifuniko. Hivyo ndivyo tulivyompata fundi wetu mkuu.

Wanaomjua hawatamwita mnyenyekevu, nami sitajaribu. Namna yake ya kumpima mgonjwa ni kuweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, na mpini sikioni, kisha kuwanyamazisha wote walio karibu. Pale Soko la Burma aliwahi kuamuru redio izimwe wakati mpira ukitangazwa, katikati ya kona. Mafundi wenzake walimtoa kwa mlango wa nyuma, na mpaka leo kuna wachoma nyama wawili wasiomsalimia. Lakini sikio lile lilisikia vali iliyopasuka, na kompresa ikafunguliwa kabla haijajimaliza.

Mkono wake nao ulikuwa na kazi. Alitufundisha kushika bomba linalorudi kwenye kompresa: likiwa baridi na lenye jasho, kunywa chai yako. Likivaa barafu mpaka kwenye kompresa yenyewe, gesi inarudi ikiwa majimaji, na kompresa haiwezi kuyabana majimaji, itavunja vali zake kwanza. Mafundi wa mitaani wanaoongeza gesi bila kutafuta inapovuja aliwaita majina ambayo mhariri wa jarida hili ameyakata.

Umeme ukipotea na kurudi, Mzee hakuruhusu friji iwashwe papo hapo, maana mota huanza kusukumana na presha iliyobaki ndani na waya zake huungua. Kipimo chake kilikuwa kikombe kimoja cha chai ya moto, kinywewe polepole hadi kiishe. Wateja wa Pumwani walikizingatia sana kipimo hicho, na Mzee akawa na bahati ya ajabu ya kupita Pumwani kila umeme unapopotea. Wakati huohuo friji ya nyumbani kwake Ziwani ilikuwa haigandishi chochote. Mama Wacuka, mkewe, aliitumia kama kabati ya sufuria, na aliniambia hayo mwenyewe bila kuulizwa.

Mimi ninayeandika ni Lydiah Kavutha wa stoo. Vipuri vyote alivyofunga vilipita mikononi mwangu, na kwa kila kimoja nililalamikiwa. Kwa hiyo naijua vizuri habari ya Julai 1981, na naomba mnivumilie niieleze yote, maana yeye huisimulia nusu.

Mteja alikuwa Bi Ruqiyo Wehliye, ambaye Burma nzima humwita Mama Sahro, mwenye bucha na chumba cha baridi. Mashine ilikuwa ya kampuni, naye aliikodi kwa sharti kwamba akiizuia kupumua kwa namna yoyote, itang'olewa. Mwezi ule kompresa yake iliungua. Mzee akafunga nyingine, akasafisha mabomba, akabadilisha filta ili uchafu wa mota iliyoungua usile ile mpya. Kazi ilikuwa safi, na kompresa ile nayo ikaungua.

Mzee alilaumu umeme wa jioni, alilaumu kiwanda kilichotengeneza kompresa, alimlaumu mwenzake Patrobas Okoth kwa kupiga mluzi kazini. Meneja hakutaka kusikia. Alimwita stoo, mbele yangu, akasema, "Mbuthia, ya tatu ikiungua, weka vifaa mezani uende nyumbani." Mzee alikuwa na watoto wanne shuleni na hakuwa na kazi nyingine anayoijua, ukiacha kupaka rangi, ambayo tumeshaijadili.

Akafunga ya tatu. Jumamosi jioni, siku isiyo ya kazi, alivaa koti lake la kanisani akaenda Burma kuilinda, akijifanya anakula nyama. Mtu mmoja akapita karibu naye na bakuli la supu, likamwagikia kifuani. Mama Sahro akamvua koti kwa nguvu, akalifua, akamrudisha kwenye benchi na sahani ya mbavu. Okoth alikuwepo na ndiye aliyenipa maneno yenyewe.

"Fundi, wewe kula tu," Mama Sahro alimwambia. "Koti yako iko nyuma pale kwa moto, saa hii inakauka."

Mzee alikuwa na mfupa mdomoni alipouliza moto gani. Kabla hajajibiwa, mashine ikanyamaza.

Alikimbia kwenye kijia cha nyuma na Okoth akimfuata. Kondensa, ule wavu wa mabomba unaotoa joto nje, haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na madastikoti, yale makoti meupe ya kazi ya wachinjaji, mabichi, yamepangwa vizuri kuanzia juu hadi chini, na juu ya yote koti la kanisani la Mzee Mbuthia. Alipogusa kompresa, aliungua vidole. Ya tatu ilikuwa imekata roho chini ya koti lake mwenyewe.

Maelezo yalikuwa mepesi. Mkaguzi wa afya alitaka kila mchinjaji avae dastikoti safi asubuhi, na Julai ya Nairobi, kwa baridi na manyunyu yake, haikaushi hata leso. Nyuma ya mashine kulikuwa na upepo wa moto wa bure. Kila jioni walifua na kuanika pale, kila asubuhi wakavaa. Mzee, ambaye daima aliitwa asubuhi mashine ikiwa tayari imekufa, aliyaona makoti hayo kila mara, lakini yakiwa mgongoni mwa wenyewe.

Okoth alifurahi. "Si sasa tumemalizana, mzee? Jumatatu unamwambia tu boss ni huyu mama."

Ilikuwa kweli tupu. Pia ilikuwa kweli kwamba mashine ingeng'olewa na bucha la Mama Sahro, ambaye alikuwa mjane, lingefungwa. Mzee alianua koti lake, akalivaa likiwa bado bichi, akaenda nyumbani.

Jumatatu alisimama mbele ya meneja na akasema, "Kosa ni langu. Mashine ilikosa hewa. Tangu nianze kuitunza sijawahi kumwambia mtu yeyote pale lile joto la nyuma ni la nini." Meneja aliuliza kilichoizibia hewa. Mzee akasema nguo, akataja koti lake, akaishia hapo. Kisha akaweka vifaa mezani kwangu. Nilianza kuvihesabu kama nilivyoamriwa, na sioni aibu kusema kwamba nililia, ingawa wiki nzima iliyotangulia nilikuwa nimemwombea apoteze sauti.

Okoth, Mungu ambariki, hana kifua cha siri. Alikuwa ameshafika Burma kumweleza Mama Sahro yote. Kabla sijamaliza kuhesabu, Mama Sahro aliingia na karai la madastikoti mabichi, akalitua juu ya meza ya meneja, maji yakatiririka kila upande.

"Haya ndiyo yaliua mashine yako," alisema. "Ng'oa ukitaka. Lakini huyu fundi muache. Yeye alikuja kula tu."

Mzee alisema kosa ni lake. Mama Sahro alisema anyamaze, ni lake yeye. Walibishana kwa sauti kubwa mpaka watu wa mapokezi wakaja kutazama, na meneja, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuona watu wakigombania kosa, akawafukuza wote wawili ofisini kwake. Alipotulia alitoa kompresa ya nne, na akamwagiza Mzee apite kwa kila mteja wa Eastlands aeleze kuhusu hewa ya nyuma. Jioni hiyohiyo, kwa mkono wake mwenyewe na waya wa stoo ambao sikumruhusu kuuchukua, Mzee alifunga kamba ya kuanikia nguo nyuma ya bucha, karibu na jiko la kuchomea nyama.

Alizunguka kweli, Shauri Moyo, Pumwani, Kariokor, akihubiri kwa sauti ile ile. Aliondoa magunia, mazulia na kuku mmoja aliyekuwa akilalia mayai nyuma ya friji ya duka. Ninyi mnakumbuka sauti. Mimi nakumbuka rafu yangu ya kompresa, ambayo zamani ilikuwa tupu kila mwisho wa mwezi, na ambayo sasa hulazimika kupanguswa vumbi. Ile ya nne inanguruma Burma mpaka leo.

Mzee wetu, kwa niaba ya karakana na ofisi, asante kwa kelele, kwa ukali na kwa kazi. Mungu awape afya wewe na Mama Wacuka, na awape asubuhi nyingi ambazo hakuna anayewagongea mlango kwa sababu ya mashine. Jumatano utaniwekea tena vifaa mezani, nami nitavihesabu, na nitalia kama siku ile. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna atakayeingia na karai kukurudisha.