Fundi Tiki na Visanduku Vilivyojibu

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio, na aliye jikoni aitwe! Nimekuja na kumbukumbu, nimekuja na habari, na hiyo habari ninayo tangu asubuhi. Ila nianze na kumbukumbu, la sivyo habari yenyewe hamtaielewa.

Tunamkumbuka Fundi Tiki. Fundi Tiki, mchapaji. Ametutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kibanda chake cha kuchapa na kutoa fotokopi kilikuwa chini ya ngazi, ukifungua mlango unagonga printa. Na mwili wake nao! Mteja akiingia, yeye inabidi atoke. Halafu alikuwa na majivuno, tusifichane. Binti yake kaniambia, "Baba akichapa barua ya mtu, anaisoma kwa sauti kama kaitunga yeye."

Jina la Tiki alilipataje? Hapo sasa.

Dada yake mkubwa ni fundi cherehani, anaishi kwenye chumba cha nyuma cha duka lake. Dada huyu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukagoma kabisa. Ila akili, wasikilizaji, akili nzima! Anasikia kila kitu, anasoma kila kitu, kujibu ndiyo hawezi. Kalamu kwa mkono wa kushoto, mikwaruzo mitupu. Akitikisa kichwa, watu wanasema, "Masikini, ugonjwa huo." Basi kila mtu akawa msemaji wake. Mwanawe mkubwa akaamua: duka lifungwe, vyerehani viuzwe. "Mama mwenyewe hajakataa," akasema. Hajakataa! Angekataa kwa mdomo upi?

Fundi Tiki akaja na laptopu kwapani. "Dada, leo utasema." Kaandika maneno makubwa makubwa, kila mstari na kisanduku chake pembeni. Dada akashika kipanya kwa mkono wa kushoto. Akabofya. Wapi! Akabofya tena. Kisanduku kinamtazama tu.

Mpwa wake, yule yule aliyetaka kuuza vyerehani, akacheka. "Mjomba, hivyo si vya pambo?"

Na kweli! Alikuwa kaweka vile visanduku vya orodha, vile unavyochapisha kwenye karatasi halafu mtu anatia tiki kwa kalamu. Kwenye kioo ni mapambo. Miaka yote aliwachapia watu hivyo hivyo, na hakuwahi kubofya hata kimoja. Dada akakisukuma kipanya, kikaanguka chini. Akageukia ukutani.

"Siku hiyo Baba alirudi nyumbani hajajisifu," binti yake kasema. "Nikajua kimenuka."

Sasa sikilizeni. Kwenye ile programu ya kuandikia, sehemu ya kutengenezea visanduku vya kubofya imefichwa. Huioni kwenye menyu ya juu mpaka uingie kwenye mipangilio uiwashe. Imefichwa! Fundi Tiki akafunga kibanda, wateja wakanuna, akaisaka mpaka akaipata. Akaweka kisanduku kinachojibu. Ukibofya, tiki inaingia. Ukibofya tena, inatoka. Akavikuza vyote kwa ajili ya mkono wa kushoto usiozoea. Akayafunga maandishi yasifutike, vikabaki visanduku tu vya kuguswa.

Akarudi. Wanunuzi wako dukani, cherehani kimoja kishabebwa mpaka mlangoni.

"Kishusheni," akasema. "Mwenyewe anataka kusema."

Dada akabofya: "Duka langu linabaki." Tiki!

"Kagusa kwa bahati mbaya," mpwa akadakia.

"Haya, mpwa wangu. Mwombe aitoe."

Dada akaitoa. Akamwangalia mwanawe machoni. Akairudisha. Tiki! Halafu akateremka hadi mstari wa mwisho, ambao kaka yake aliuweka kwa utani: "Mwanangu, hebu nyamaza." Tiki!

Wanunuzi waliangua kicheko, wasikilizaji! Mpwa mwenyewe kaniambia, "Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani namhurumia Mama, kumbe namziba mdomo." Cherehani kikarudi mahali pake. Mchapaji akarudi na majivuno yake, na jina jipya juu: Fundi Tiki. Duka lipo mpaka leo. Mteja akiingia anaonyeshwa laptopu: mkono mrefu, mkono mfupi, kola, "umenenepa, tupime upya." Hicho cha mwisho kinabofywa sana!

Sasa habari. Leo asubuhi dada yake ametutumia waraka hapa studio. Una visanduku viwili tu. Cha kwanza: "Kaka akumbukwe kwa machozi." Kitupu. Cha pili: "Kaka akumbukwe kwa shangwe." Kina tiki! Na visanduku hivyo, jamani, hakuvitengeneza Fundi Tiki. Fundi Tiki hayupo. Kavitengeneza dada mwenyewe! Kwa mkono wa kushoto, peke yake, kaingia kwenye mipangilio, kaiwasha ile sehemu iliyofichwa. Nimebofya mimi mwenyewe hapa, tiki ikatoka. Nikabofya tena, ikarudi. Vinajibu!

Kwa dada, kwa binti, kwa mpwa na ukoo mzima: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Machozi yakiwajia, lieni tu, ila shangwe ndiyo amri ya mwenye duka.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hebu tazameni humo majumbani mwenu. Yupo mtu mnayemsemea? Bibi? Mgonjwa? Mtoto? Kamuulizeni. Na mkishauliza, msiondoke; mngojeni ajibu.

Pumzika, Fundi Tiki. Kesho dada anafungua tena duka baada ya msiba.